Waheshimiwa, njooni kabla hatujafukia msingi

Barua ya wazi kwa Waziri wa Nchi TAMISEMI, Waziri wa Elimu, wakuu wa mikoa na wakurugenzi wote wa halmashauri

Shikamooni waheshimiwa, na poleni na majukumu.

Mi ni mzazi wa watoto watatu, mkulima wa pamba huku Kanda ya Ziwa, na tangu 2022 ni mjumbe wa kamati ya ujenzi ya shule ya sekondari ya kata yetu. Sio injinia wala fundi, shule nimeishia kidato cha nne. Jina la shule sitaliandika, maana sitaki mkuu wetu wa shule aitwe kujieleza kwa jambo lililo juu ya uwezo wake, alafu pia nikitaja moja mtashughulika na hiyo moja, zingine zitabaki vilevile.

Naanza na ufa. Darasa letu la upande wa mashariki lina ufa unaoanzia kona ya dirisha la nyuma, unapanda kimshazari mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya dirisha, unapotea kidogo alafu unatokea tena juu unaenda kugusa mbao za paa. Kiangazi unaingiza kiganja. Mvua zikinyesha mwezi mzima unajibana mpaka mgeni anaweza kusema hamna kitu. Binti yangu yuko kidato cha pili na kiti chake ni cha tatu kutoka huo ukuta, yeye ndo alinionyesha, akaniambia baba huu ufa unapumua.

Na kweli unapumua, kwa sababu udongo ulio chini yake unapumua. Ni mbuga ile nyeusi, mnaijua, ikinyeshewa inavimba na kunata kwenye viatu, ikikauka inasinyaa na kupasuka mistari ambayo ndama anaweza kuvunjia mguu. Ukuta uliowekwa juu ya udongo wa hivyo bila kushuka mpaka kwenye tabaka gumu unanyanyuliwa masika unashushwa kiangazi, mwaka hadi mwaka, na hakuna tofali linalovumilia hiyo kazi.

Tuliyajua haya kabla ya kuanza, hilo ndo linaniumiza na ndo limenifanya niandike.

Hela yetu ilikuja ule mwaka serikali ilitoa bilioni 160 kujenga madarasa 8,000 ya kidato cha kwanza cha 2023. Mwaka mmoja nyuma yake kulikuwa na ile kazi kubwa ya madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19. Hesabu ilikuwa ileile, darasa moja milioni 20, nchi nzima. Sisi tukapata madarasa mawili, milioni 40, na maelekezo kwamba mpaka Desemba yawe yamekamilika watoto waingie Januari. Nataka nieleweke vizuri hapa: tulishukuru na bado tunashukuru. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamejaa, kuna darasa lilikuwa na watoto mia na kitu, wengine wanasomea mgongoni kwa wenzao. Kwa hiyo sipingi madarasa wala fosi akaunti, ule utaratibu wa shule kununua vifaa yenyewe na kutumia mafundi wa kawaida bila mkandarasi. Mambo ya kusubiri mkandarasi miezi nane alafu anakuja na bei mara mbili tuliyaona, na fundi wa hapahapa analala nyumbani kwake na watoto wake wanasoma palepale, ana sababu ya kujenga vizuri.

Ila eneo. Kijiji kinapotoa eneo la shule hakitoi shamba la mtu la luseni, ule udongo wa kichanga pale juu, kinatoa lililobaki, na lililobaki kwetu ni bondeni kwenye mbuga, mvua ikinyesha maji yanatuama siku mbili. Kwenye kamati tulikuwa na mzee mmoja fundi, amejenga toka enzi za mashirika ya umma. Siku ya kwanza alichukua sururu akaanza kuchimba mwenyewe. Ramani ilisema msingi futi mbili na nusu, yeye akafika futi nne na udongo bado mweusi, akatoka akajifuta mikono akasema hapa tusijenge, au tukijenga tushuke mpaka tukute ngumu, tutoe huu mweusi wote, tujaze moramu na tushindilie, alafu msingi uzungukwe na mkanda wa zege wenye nondo chini na juu. Tukapiga hesabu. Mawe ya ziada, saruji ya ziada, lori la moramu kutoka kilomita karibu 30, yani kabla hatujainua tofali moja tungekuwa tumekula karibu robo ya hela. BOQ, ile orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, haikuwa na hicho kifungu. Darasa la kwenye changarawe na la kwenye mbuga, lililo kilomita 5 kutoka kiwandani na lililo kilomita 400, bei moja ramani moja.

Tukampigia injinia wa halmashauri. Na yeye simlaumu, nimekaa nae, ni kijana anajua kazi yake. Alikuwa mmoja kwa saiti zote za wilaya, madarasa, zahanati, nyumba za walimu, na gari la idara halina mafuta. Wenzake wengi walihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa 2017, wakaenda na barabara, majengo yakabaki na mtu mmoja na fundi sanifu mmoja kama wapo. Akasema nitafika wiki hii. Wiki ikapita. Huku mkurugenzi anapiga simu anataka asilimia, mmefika asilimia ngapi, picha ziko wapi, kata ya jirani wameshafika kwenye linta nyie bado mnachimba. Tukaweka msingi wa futi tatu, tukafukia. Injinia alipofika tulikuwa kwenye linta. Akauliza mlishuka kiasi gani, tukamwambia, akanyamaza kidogo akiangalia chini, akasema haya endeleeni. Angesema nini? Abomoe?

Zege lenyewe nalo tulilikimbiza. Kila fundi anajua zege linataka kumwagiwa maji angalau siku saba na nguvu zake zinapimwa siku ya 28. Sisi tulimwaga leo kesho kutwa tunapanga tofali juu. Tofali tulifyatua mvua za vuli zikinyesha, mfuko mmoja tukatoa tofali 45 pale ambapo mzee alitaka 30, maana saruji ilikuwa inaisha. Nondo zililetwa zimeandikwa milimita 12, mzee akazishika akasema hizi ni 10. Kamati ya mapokezi ni mama muuza mboga, mwalimu wa Kiswahili na mimi, hatuna hata kile kipimo cha chuma cha kupimia unene. Tukasaini.

Mvua za kwanza zikapita, kiangazi kikaja, ufa ukatokea. Na hapa ndo kuna jambo ambalo nimelibeba muda mrefu. Tukaambiwa kuna kiongozi anakuja kukagua miradi, tuweke mazingira sawa. Fundi akaletwa, akauziba ufa kwa saruji, akapiga rangi juu, ile ya krimu na mstari wa kahawia chini. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Kiongozi akaja, akasimama mlangoni mwa hilo darasa dakika kama nne, akasema thamani ya fedha inaonekana, tukapiga makofi. Mzee fundi hakuja siku hiyo. Miezi miwili baadae rangi ikapasuka palepale.

Waheshimiwa, nimefikiria sana ni wapi hasa tulipokosea na kila nikirudi nafika sehemu ileile: mnakuja mwisho. Mnakuja tukishafunika. Msingi uko chini ya jamvi, nondo ziko ndani ya zege, kamba inayoshika paa kwenye ukuta iko juu ya silingibodi, na nyie mnakuja kuangalia rangi, vioo na viti. Sisemi kwa ubaya, ndo utaratibu ulivyo, mbio za Mwenge zinakuja mwisho, mkuu wa wilaya anakuja mwisho, kamati ya siasa inakuja mwisho, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndo anakuja mwisho kabisa na anaangalia risiti. Hakuna aliyewahi kuja kusimama kwenye mtaro wetu ukiwa wazi.

Na hivyo vilivyofunikwa ndo vinavyobeba watoto. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera, ukubwa wa 5.9, liliua watu na kuharibu sekondari za Ihungo na Nyakato kiasi kwamba zilifungwa. Nyumba nyingi zilizoanguka huko zilikuwa za tofali tupu, ukuta haujafungwa na ukuta mwenzake kwa ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu, yenye nondo. Ukiwa nje huwezi kuona kama hiyo ringi bimu ina nondo nne au mbili au ina kokoto tu. Ilikuwa Jumamosi alasiri, Mungu alisaidia. Hivyohivyo kwenye paa. Kila mwaka mvua za kwanza tunasikia upepo umeezua madarasa mahali, na watu wanasema upepo ulikuwa mkali, lakini mara nyingi nyumba ya mtu pembeni imebaki. Nendeni mkaangalie walipleti, ile mbao ya juu ya ukuta inayobeba paa, ilifungwaje, kama kulikuwa na waya au bapa la chuma limetoka ndani ya zege likazungushwa kwenye mbao, au iliwekwa tu juu na misumari miwili.

Alafu radi. Hili huku kwetu sio la kusoma kwenye gazeti. Ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kabisa Afrika. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule ya msingi Geita. Tarehe 27 Januari 2025 ikaua wanafunzi 7 wa sekondari ya Businda, Bukombe, na kujeruhi wengine wengi. Jirani zetu Uganda, Juni 2011, shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, watoto 18 kwa pigo moja. Kwa hiyo tunajua inapiga, tunajua inapiga wapi na miezi gani, na bado BOQ ya madarasa yetu mawili haikuwa na mtego wa radi hata mmoja. Nilipouliza nikaambiwa hiyo ni nyongeza, tafuteni wadau. Mtego wenyewe sio maajabu: chuma juu ya paa, ukanda wa kopa unashuka ukutani, na fimbo iliyozikwa ardhini kwenye unyevu, alafu mtu anakuja na mashine anapima kama ardhi inapokea umeme vizuri, inatakiwa isizidi omu 10. Ile chuma ya juu inaonekana na watu wataipiga picha. Fimbo ya chini haionekani, na bila fimbo ya chini iliyopimwa, chuma ya juu ni kama kuita radi. Shule moja jirani walifungiwa mtego na mfadhili, wezi wa chuma chakavu wakakata kopa yote kuanzia usawa wa mkono wa mtu kushuka chini, ile ya juu ikabaki inang'aa, na mpaka saivi walimu wanaamini wana kinga.

Kuna na maboma. Wananchi tunachangishana, tunajenga mpaka linta, tunasubiri. Boma linakaa miaka miwili mpaka mitano linanyeshewa, tofali za kuchoma zilizojengewa kwa tope, majani yanaota juu. Siku inakuja milioni 12.5 ya kumalizia, tunapaua siku kumi. Hakuna anayegonga ule ukuta kujua kama unaweza kubeba kenchi na bati. Mi naamini maboma mengi ni mazima, watu walijenga kwa jasho lao. Ila kuamini sio kupima.

Mtaniambia miongozo ipo. Ndiyo ipo, nimeisoma mingine, imeandikwa vizuri. Kenya waliandika mwongozo wao wa usalama shuleni 2008, umesema kabisa madirisha ya bweni yasiwe na nondo na milango ifungukie nje, na waliuandika baada ya kuzika watoto 67 waliokufa kwa moto wa bweni Kyanguli mwaka 2001. Septemba 2024 wamezika wengine 21 wa Hillside Endarasha kule Nyeri. Na sisi tuna mioto yetu ya mabweni, Shauritanga ya 1994, mabinti zaidi ya 40, na Idodi ya 2009, mabinti 12. Mwongozo ambao hakuna mtu anakuja na futi ya kupimia kuuhakikisha unabaki ofisini.

Kwa hiyo naomba jambo moja, na mengine yote yananing'inia kwenye hilo. Hela ya madarasa isije yote kwa mkupuo na amri ya kukimbia. Ije kwa hatua, na hatua inayofuata isifunguliwe mpaka mtu mwenye taaluma ameweka sahihi akiwa amesimama saiti kabla hatujafunika. Aone mtaro ukiwa wazi, aone nondo za linta na ringi bimu kabla ya zege, na paa kabla ya bati. Mara tatu tu. Sahihi iwe na jina lake, na daftari libaki ofisini kwa mkuu wa shule ili mzazi yeyote akitaka asome.

Najua mtasema mainjinia hawatoshi. Hawatoshi kweli. Lakini kuangalia kina cha mtaro na kuhesabu nondo hakuhitaji injinia aliyesajiliwa, kunahitaji fundi sanifu mwaminifu. Vijana wanamaliza vyuo vya ufundi, Chuo cha Ufundi Arusha, DIT ya Dar es Salaam, MUST ya Mbeya, wako mtaani wanaendesha bodaboda na vyeti vya ujenzi ndani ya begi. Wekeni mmoja kila tarafa, mpeni pikipiki na mafuta, injinia abaki anasimamia hao na kuja pale penye shaka. Na pale ambapo hata huyo hajafika, basi itakiwe picha ya mtaro na futi imenyooshwa ndani yake, picha ya nondo kabla ya zege, zitumwe kwa injinia na ajibu. Simu tunazo. Asilimia mlizokuwa mnatuomba kila jioni tulizituma kwa WhatsApp.

Na bei ifuate udongo. Kabla kijiji hakijakabidhi eneo lichimbwe shimo la mita mbili, likikutwa mbuga mpaka chini aidha tuambiwe tutafute pengine au BOQ iongezwe. Shimo hilo vijana wawili wanachimba kwa siku moja, gharama yake ni chakula cha mchana. Kwa mikoa ya radi mtego uwe ndani ya bei ya darasa kama bati lilivyo ndani ya bei ya darasa, na upimwe kila mwaka kabla ya Oktoba. Kuhusu muda, mnajua watoto wa darasa la saba ni wangapi toka Januari, kwa hiyo leteni hela Mei au Juni wakati udongo mkavu na maji ya kisima bado yapo. Oktoba kwetu ndo mvua zinaanza.

La mwisho ni hilo darasa lenyewe. Nimeomba mara mbili kwa mdomo na mara moja kwa barua kwamba injinia aje aseme kama watoto waendelee kukaa humo. Sijapata jibu. Mkuu wa shule ameshahamisha viti vya safu mbili za karibu na ukuta, wamebanana upande wa pili, ndo alichoweza. Binti yangu saivi anakaa karibu na mlango. Ila kuna watoto wa wenzangu humo ndani na mvua zitarudi.

Tumepata taarifa kwamba kuna hela nyingine inakuja, madarasa mawili, eneo lilelile. Juzi kamati imekaa, mzee fundi alikuwepo, amezeeka sana ila alikuja. Tumekubaliana tukipata hiyo hela tutachimba, tukifika mwisho wa kuchimba tutasimama. Tutaweka miba kuzunguka mtaro watoto wasitumbukie, tutapiga simu halmashauri, na tutasubiri. Mkituuliza asilimia tutawajibu mtaro uko wazi, njooni.

Mzazi na mjumbe wa kamati ya ujenzi,
Kanda ya Ziwa